"Resuscitate" siyo kufufua: uzi kuhusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, asili yake, na jinsi kilivyoniponza kazini

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na sikuona namna ya kuufupisha bila kuuharibu. Mwenye nafasi akae.

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Hospitali ya Marekani ikimpokea mgonjwa anayezungumza Kiswahili, inapiga namba, naunganishwa. Daktari anasema sentensi moja, naigeuza. Familia inajibu, naigeuza tena. Wengi ninaowahudumia ni Wakongomani waliokaa miaka mingi kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale kabla ya kupelekwa Marekani. Mimi ni Mtanzania. Kiswahili changu na chao tunasikilizana, ila kila kimoja kina njia zake.

Usiku mmoja niliunganishwa na familia yenye mzee katika chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari alizungumza taratibu, kwa upole, mpaka akafika kwenye swali ambalo kila mkalimani wa hospitali analijua: moyo wa mzee ukisimama, wafanyeje? Kitenzi alichotumia ni resuscitate. Mimi, bila kusita, nikasema: "Moyo wa mzee ukisimama, mnataka wamfufue?"

Kimya. Kisha sauti ya mama mmoja: "Kumufufua? Koko hajakufa."

Kijana mmoja akadakia kwamba nimesema sawasawa, maana amemsikia munganga mwenyewe akitamka "ressusciter". Alikuwa amesoma shule za Kifaransa. Basi yule mama akatoa neno ambalo hadi leo nalisikia: kufufua ni kazi ya Mungu, mwambie munganga sisi hatutaki mutu ajaribu kazi ya Mungu.

Nikaligeuza jibu. Daktari akashukuru, nikasikia vidole vyake vikianza kubonyeza kompyuta. Hapo ndipo nilipogutuka. Watu hawa wamejibu swali ambalo hakuna aliyewauliza. Nikasema, kama taratibu zetu zinavyoruhusu, "mkalimani anaomba kufafanua", nikamwomba daktari aweke kile kitenzi pembeni, aeleze mikono ya watu itafanya nini kifuani pa mzee. Akaeleza, nikaeleza. Familia ikashauriana dakika chache, na jibu likawa kinyume kabisa cha lile la kwanza: wajaribu.

Tangu siku hiyo sijakiacha kitenzi hiki. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwa sababu naamini wapo wengine wanaofanya kosa langu leo, wauguzi, wakalimani, hata watoto wanaowatafsiria wazazi wao.

Tuanze na kinywa. Hutamkwa ri-SA-si-teit, mkazo uko kwenye SA. Katika kuandika, s na c hufuatana katikati, na hapo ndipo wengi hudondosha herufi moja. Nomino yake ni resuscitation. Uingereza chumba cha dharura wanapopokelewa walio hatarini zaidi hukiita kwa kifupi tu, "resus".

Sasa asili. Neno linatoka kwenye Kilatini resuscitare, na lina vipande vitatu. Re ni "tena". Sub, ambayo hapa inabeba wazo la kutoka chini kuja juu. Na citare, yaani kutikisa, kuchochea, kumwita mtu ainuke. Ndugu zake mnawajua: excite, incite, recite. Vipande vyote vitatu havitaji kifo, wala uhai. Mtu aliyelala akishikwa bega na kutikiswa mpaka akainuka, Warumi walikuwa na suscitare kwa ajili yake, na iliwatosha.

Kama habari ingeishia hapo ningeandika mistari kumi nikalala. Ila kanisa lilipoanza kusoma maandiko kwa Kilatini, kitenzi hiki cha kuamsha kilichukuliwa kikapelekwa makaburini. Katika Vulgata, Biblia hiyo ya Kilatini, Yohana 6:40, neno ni resuscitabo. Biblia yetu ya Kiswahili hapo hapo inasema "nami nitamfufua siku ya mwisho". Kwa muumini kifo ni usingizi, kwa hiyo kitenzi cha kumwamsha aliyelala kilimfaa na aliyekufa. Kifaransa kikarithi maana hiyo na kikabaki nayo: Pasaka husema "le Christ est ressuscité". Kihispania nacho kina resucitar ya kanisani.

Kiingereza kilikipokea kitenzi hiki karne ya 16, kikakitumia kwa yote mawili, wafu na mambo yaliyozorota. Lakini Pasaka yake tayari ilikuwa na neno lake la nyumbani, rise. Kadiri miaka ilivyokwenda, resuscitate ikahama madhabahuni ikaenda kukaa kitandani kwa mgonjwa. Kwa hiyo yule kijana wa Kikongomani hakukosea kusikia. Alichosikia ni pacha wa neno analolijua, pacha aliyelelewa nyumba nyingine.

Kilichokipeleka kitenzi hospitalini ni maji, na sehemu hii naipenda kuliko zote.

Karne ya 18 miji ya Ulaya iliyojengwa juu ya mito na mifereji ilizika watu wengi waliozama. Amsterdam mwaka 1767 kikaundwa chama cha kuwaokoa. London ikafuata mwaka 1774: madaktari wawili, William Hawes na Thomas Cogan, waliwakusanya marafiki zao katika mgahawa wa kahawa karibu na kanisa la St Paul's, wakaanzisha chama kilichokuja kuitwa Royal Humane Society. Jina lake la mwanzo lilikuwa refu, na ndani yake mna neno moja la kushika: kilikuwa chama cha kuwarejesha watu "walioonekana" kufa maji. Walioonekana. Hawes alikuwa tayari anatoa zawadi ya fedha, kutoka mfukoni mwake, kwa yeyote atakayemletea mtu aliyetolewa mto Thames muda si mrefu baada ya kuzama. Kaulimbiu ya chama ilikuwa ya Kilatini, lateat scintillula forsan: huenda kuna cheche ndogo imejificha. Aliyewahi kupika kwa mkaa hahitaji maelezo. Jiko unaliona limezima, majivu matupu, ukipepea kidogo jekundu linachungulia.

Njia zao nyingine zilikuwa za maana, kama kumpasha mtu joto na kumpulizia hewa mdomoni. Nyingine zilikuwa za kutisha: walitumia mvukuto kuingiza moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa, na vifaa hivyo viliwekwa kando ya Thames tayari kwa matumizi. Mwaka 1811 Benjamin Brodie alionyesha kwamba nikotini ni sumu kwa moyo, na desturi hiyo ikafifia. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha walivyokielewa kitenzi chao. Moshi ulikuwa wa kuwasha, wa kuchochea, wa kumshtua aliyenyamaza. Wale madaktari hawakudhani wanagusa maiti.

Halafu Baltimore, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Safar alithibitisha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inatosha kumweka mtu hai. Mwaka 1960 William Kouwenhoven, aliyekuwa mhandisi wa umeme, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, wa Johns Hopkins, wakachapisha habari kwamba moyo unaweza kusukuma damu kwa kukandamizwa kutoka nje, kifua kikiwa kimefungwa. Kabla ya hapo wapasuaji walikuwa wakipasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono. Ndoa ya mambo hayo mawili ndiyo CPR (cardiopulmonary resuscitation), na R ya mwisho ndiyo kitenzi chetu.

Kwa mtu mzima ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kibonyee sentimita 5 hivi. Mbavu huvunjika, hasa za wazee. Marekani, kati ya wagonjwa ambao moyo husimama wakiwa tayari wamelazwa, anayetoka hospitali akiwa hai ni kama mmoja kati ya wanne au watano. Moyo ukisimama mtu akiwa nje ya hospitali ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa sababu hiyo lilianza kuulizwa swali la kama kila mgonjwa afanyiwe hivyo, na mwaka 1974 chama cha madaktari cha Marekani kikapendekeza uamuzi wa kutofanya uandikwe kwenye faili. Ndiyo DNR, Do Not Resuscitate.

Sasa nikamateni hapa, maana ndipo kosa langu lilipokaa. Kiingereza kinamruhusu daktari kusema "we resuscitated him for forty minutes, but he died". Sentensi ni safi. Kitenzi kinataja kazi, matokeo yanaweza kuja au yasije. Jaribuni kwa Kiswahili: "walimfufua kwa dakika arobaini, akafa". Haikai. Aliyefufuliwa amefufuka. Kitenzi chetu kinabeba ushindi ndani yake, na ukikiweka kwenye swali la daktari unaiambia familia kwamba hospitali ina uwezo wa kumrudisha marehemu, wao tu ndio wachague kama wanataka. Nani mwenye akili atakataa? Na nani mwenye imani atakubali?

Hata wenye lugha yao wameliona tatizo kwa upande wao. Hospitali nyingi siku hizi huandika DNAR, wameingiza "attempt", kujaribu. Uingereza wanaandika DNACPR, kwa sababu hiyo hiyo. Neno moja dogo, kujaribu, linamwondolea kitenzi ahadi asiyoweza kuitimiza.

Karibuni.

#2 Mwanafunzi wa chuo

Mkuu, shikamoo na ahsante. Nina swali la mtihani kabisa. Revive, resuscitate na resurrect: magazetini naona yote yanatumika kwa uchumi, viwanda, hata vyama vya siasa, na sisi kote tunasema kufufua. Tofauti ni ipi?

#3 Mleta uzi

Marahaba. Mimi naipima kwa kuuliza kitu kilifika wapi kabla hakijarudi.

Revive ni pana kuliko wenzake. Imetoka kwenye Kilatini revivere, kuishi tena, ikapitia Kifaransa, ikaingia Kiingereza karne ya 15. Ndani yake mna vivere, kuishi, ndiyo maana ndugu zake ni survive na vivid. Inamfaa aliyezimia kwa jua akamwagiwa maji, ua lililonyauka, desturi iliyoachwa, tamthilia inayorudishwa jukwaani. Tena inaweza kusimama bila mtendwa: ua lenyewe "revives" ukiliweka majini. Resuscitate haipendi hivyo, lazima awepo mtu anayetikisa.

Nomino ya revive ni revival, na hapa Waswahili walifanya jambo la busara sana. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, kwa Kiingereza unaitwa East African Revival. Kwetu haukuitwa ufufuo. Uliitwa uamsho. Walioupa jina waliona kwamba kanisa lilikuwa limelala, halijafa. Ningewafuata wao usiku ule, nisingeponzeka.

Resuscitate ni ya kilichofika ukingoni: kinakata roho, na mtu anakishughulikia kwa nguvu na kwa haraka. Ukisoma kwamba mazungumzo ya amani yamekuwa "resuscitated", elewa yalikuwa pumzi za mwisho.

Resurrect ni ya kilichokufa kikazikwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mali zikagawanywa, mipaka ikafungwa. Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Waandishi wengi wa Kiingereza husema "revived". Mimi naona pale resurrect ndiyo haki yake, na kwa Kiswahili kufufua inakaa bila shida yoyote, kwa sababu kweli ilikufa.

Resurrect ina habari ya ajabu. Nomino resurrection ilikuwepo katika Kiingereza tangu zama za kati, lakini kitenzi hakikuwepo. Kiliundwa karne ya 18, nomino ikikatwa mkia; kumbukumbu yake ya mwanzo ni ya mwaka 1772. Na miaka ile ile ya shule za upasuaji Uingereza walikuwepo wezi wa maiti waliochimba makaburi mapya usiku na kuwauzia walimu wa tiba. Watu waliwaita "resurrection men". Sheria ya mwaka 1832, iliyoruhusu njia halali ya kupata miili ya kufundishia, ndiyo iliyowamaliza. Kwa Kiswahili kazi yao ilikuwa kufukua, siyo kufufua. Herufi moja.

#4 Mwalimu wa Kiingereza, Kakamega

Hamjambo. Nimefunza Kiingereza sekondari kwa miaka mingi na kila muhula nakutana na "Jesus resurrected on the third day" kwenye insha. Wanafunzi wanatafsiri "alifufuka". Kiingereza cha kawaida ni "rose from the dead" au "was resurrected", kwa kuwa resurrect kwa kawaida hutaka mtendwa. Sisi tuna jozi nzuri kupita ile yao: fufua na fufuka, amsha na amka, zindua na zinduka. Mwingereza hana, inabidi akope rise.

Niongezee hoja ya mleta uzi kwa upande wa muundo. Mimi naisoma fufua kama neno lenye mfu ndani yake. Mwisho wa -ua tunaujua: funga, fungua, ziba, zibua. Ni mwisho wa kutengua. Kwa hiyo masikio ya Mswahili yanasikia kutenguliwa kwa ufu. Mama wa watu alisikia kile kilichomo kwenye neno. Alikuwa sahihi kuliko kamusi.

#5 Mukongomani, sasa niko Ontario

Ndugu mleta uzi, nimesoma nikasimama. Baba yangu mudogo alilazwa hapa Canada, na ile karatasi walituletea. Mimi nilisaidiwa na Kifaransa, kwani upande wa Kifaransa wanaandika "réanimation", na sisi neno hilo tunalijua kutoka nyumbani. Mutu akipelekwa réanimation, tunajua ni chumba cha mashine. Hakuna anayewaza kaburi.

Sasa ona tatizo: ungemushauri munganga wa Kiingereza aseme "reanimate", ingekuwa mubaya tena, kwani kwa Kiingereza neno hilo watu wanalisikia katika hadithi za maiti zinazotembea. Kifaransa kilipeleka ressusciter kanisani na réanimer hospitali. Kiingereza kikafanya kinyume. Familia yenye Kifaransa kichwani na Kiswahili mudomoni inashikwa katikati.

Ninakuomba kitu kimoja. Mukimuona mutoto wa familia anadakia "nimeelewa, ni ressusciter", musimuamini haraka. Anasaidia kwa moyo mwema na anaharibu.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, ahsante sana, hilo la kijana nimelichukua. Pole kwa baba mdogo.

#7 Mjumbe wa Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ningependa tuyaangalie maneno tuliyonayo kabla ya kusema Kiswahili hakina.

Kuhuisha lipo, limetoka kwenye hai, la Kiarabu. Kwa maana ndilo lililo karibu. Lakini tazameni lilikopelekwa: kuhuisha leseni, kuhuisha taarifa, kuhuisha mkataba. Limekuwa neno la ofisi. Ukimwambia mtu "mnataka wamhuishe mzee" atafikiri kadi yake ya matibabu imekwisha muda.

Kuzindua ndilo lililokuwa lake hasa. Mtu huzimia, kisha huzinduka, na anayemtia maji usoni anamzindua. Leo zindua ni ya mawaziri na kanda za kukata: kuzindua mradi, kuzindua kitabu. Zinduka bado imebaki na maana yake ya zamani, zindua imechukuliwa. Naliona jambo hili ni msiba mdogo wa lugha yetu, na sijui kama tunaweza kulirudisha.

Na kwa Waislamu, kufufuliwa ni jambo la siku moja tu, siku ya kiyama. Kiyama lenyewe kwa Kiarabu limetoka kwenye kusimama, kama hiyo ya Kilatini ya kuinuka kutoka chini. Yule mama angekuwa wa kwetu angejibu vilevile.

#8 Muuguzi, wodi ya wazazi

Habari zenu. Nimekuwa nikisoma kimya, acha niseme la kwetu.

Sisi neno hilo tunalitumia kila zamu, kwa Kiingereza chake, tunasema "mtoto anahitaji resuscitation", na mkononi tuna ambu bag, mfuko wa kubana unaosukuma hewa. Mtoto akizaliwa halii, tuna dakika moja, tunaiita ya dhahabu. Kwanza unamkausha. Unamsugua mgongo kwa kitambaa, kwa nguvu kiasi. Wengi hapo hapo wanavuta pumzi na kulia. Asipopumua unasafisha njia ya hewa kama ina uchafu, unaweka barakoa, unaanza kubana mfuko, kifua kinapanda, kinashuka. Ndani ya dakika hiyo hiyo.

Nilipofundishwa mara ya kwanza nilijifunzia kwa mdoli, kupitia mafunzo ya Helping Babies Breathe. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuyajaribu. Matokeo ya hospitali 8 yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Na watoto waliohesabiwa kuwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa nao walipungua, asilimia 24. Hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi ninapoifikiria, kwa sababu mnaelewa maana yake. Baadhi yao hawakuwa wafu. Walikuwa hawajapumua tu, na hakuna aliyewasugua mgongo.

Kwa hiyo mleta uzi aliposema Kilatini chake ni kutikisa na kuamsha, nimeona kitambaa mkononi mwangu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Na kuhusu kufufua, nina la kuwaonya wenzangu. Niliwahi kumwambia mama "mwanao tumemfufua". Nilikuwa na furaha, neno likatoka. Yule mama na mama mkwe wake walibadilika nyuso. Mtoto akaanza kutazamwa kama aliyetoka kuzimu, kila homa yake ikawa ina maana nyingine. Siku hizi nasema: "Alichelewa kupumua, tukamsaidia, sasa anapumua mwenyewe." Wanamchukua mtoto wao wanaondoka kwa amani.

#9 Mwanafunzi wa chuo

Dada muuguzi, umenigusa sana. Mleta uzi, maswali mawili ya mwisho. Yule mzee iliishaje? Na siku hizi, kamusi ukiiweka pembeni, wewe unasemaje swali likija?

#10 Mleta uzi

La kwanza sina jibu. Simu ikikatwa, kwetu imeisha. Hatupigi kuuliza, na hairuhusiwi. Nimewahi kuota sauti ya yule mama, sura yake siijui.

La pili nimelihangaikia miezi mingi, nimelipunguza, nimelirekebisha kwa msaada wa wakalimani wenzangu wa Bukavu na Uvira, na leo nimeongeza maneno ya dada muuguzi. Kwanza namwomba daktari ruhusa ya kueleza, ili ajue sitafsiri neno kwa neno. Akikubali, nasema hivi, taratibu, na ninasimama kila nukta:

"Daktari anauliza kuhusu saa ambayo haijafika. Moyo wa mzee ukisimama, au akiacha kupumua, wao wanaweza kujaribu kuuamsha. Watamkandamiza kifuani kwa nguvu, mbavu zinaweza kuvunjika. Wanaweza kumpiga umeme. Wanaweza kumwekea mpira kooni, mashine impumulie. Pengine moyo utaamka, pengine hautaamka, na hata ukiamka anaweza asirudi kama mlivyomjua. Au wasijaribu; wabaki naye, wamtulize maumivu, mumshike mkono. Hayo yote mawili ni kumtunza. Mzee mwenyewe, alipokuwa na nguvu zake, alikuwa akisemaje?"

Hilo swali la mwisho si langu, ni la daktari mmoja niliyemkalimania. Nililigeuza neno kwa neno, na upande wa pili wa simu watu wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja, kila mmoja akikumbuka alichosema mzee.